Somo: Kutafuta maandiko ya masomo mtandaoni bila kuteketeza bando

Habari zenu wanachama. Somo hili ni la mnaosoma kwa masafa, Chuo Kikuu Huria au kwingineko, mkiwa Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na kwingine ambako maktaba ya chuo si ya kwenda na kurudi siku moja. Nitaeleza kwa simu janja kwa sababu ndiyo wengi mnayotumia. Tuchukue mfano mmoja tu: umepewa asainmenti kuhusu kilimo cha mtama na ukame mkoani Dodoma.

Hatua ya 1: Usimpe Google swali la mhadhiri

Wengi hunakili swali kama lilivyo, "Jadili changamoto zinazowakabili wakulima wa mtama", halafu wanashangaa kuletewa kurasa za wauza majibu. Umeandika maneno ya mtu anayeuliza, kwa hiyo umeletewa wanaouliza. Fikiria aliyeandika ripoti unayoitaka. Yeye hakuandika "jadili". Aliandika mtama, mavuno, ukame, Dodoma, pengine Chamwino au Bahi. Andika hayo tu, manne au matano yanatosha.

Kisha rudia kwa Kiingereza, maana tafiti nyingi za kilimo chetu zimeandikwa kwa lugha hiyo: sorghum drought Dodoma. Na kwa mazao ipo njia ya tatu ambayo wanafunzi wachache huitumia, nayo ni jina la kisayansi. Mtama ni Sorghum bicolor, karanga ni Arachis hypogaea, zabibu zetu ni Vitis vinifera. Mtafiti awe Mgogo au Mjapani, jina hilo lazima alitaje.

Kama una muda wa kushika hatua moja tu katika somo hili, shika hii.

Hatua ya 2: Alama nne

Alama za kufunga na kufungua semi huleta maneno yakiwa pamoja na kwa mpangilio huohuo. Andika "mvua za msimu" ndani ya alama hizo, na hapa ina maana kubwa: kurasa nyingi kuhusu mvua za Tanzania huzungumzia vuli na masika, ambazo ni za pwani na kaskazini mashariki. Dodoma na Singida tuna msimu mmoja, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili. Ukikosea hapo, asainmenti nzima itahusu mvua za watu wengine.

site:go.tz huleta kurasa za serikali tu, site:ac.tz huleta za vyuo. Kwa mfano: mtama Dodoma site:go.tz. Usiache nafasi baada ya nukta mbili. Kibodi za simu nyingine hupenda kuitia yenyewe, rudi uifute.

filetype:pdf huleta ripoti na makala kamili, na hupunguza blogu.

Alama ya kutoa huondoa usichotaka. Karanga -mapishi, vinginevyo utafundishwa kupika mchicha wa karanga.

Hatua ya 3: Soma anwani kabla hujagusa

Chini au juu ya kila jibu pana anwani. Tafuta mkwaju (alama hii: /) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kutoka hapo kurudi kushoto. Ikiishia na .go.tz ni ya serikali, .ac.tz ni ya chuo, .or.tz kwa kawaida ni ya shirika, .co.tz ni ya biashara. Matapeli wanajua kwamba watu husoma mwanzo tu. Anwani inayoanza na nbs.go.tz lakini kabla ya mkwaju ikamalizikia na .com haina uhusiano wowote na Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

Ile alama ya kufuli msiiamini kupita kiasi. Inaonyesha kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamefichwa njiani. Tapeli naye anaweza kuwa na kufuli. Na majibu ya juu kabisa yenye kibandiko cha tangazo yamelipiwa kukaa hapo, yapite.

Hatua ya 4: Tazama mwaka

Tafuta idadi ya watu wa Mkoa wa Dodoma. Utakuta 2,083,588 na utakuta 3,085,625. Zote ni za kweli: ya kwanza ni ya Sensa ya 2012, ya pili ya 2022. Asiyeandika mwaka ndiye anayepotosha. Vivyo hivyo ukikuta ukurasa unaiita Dodoma manispaa, ujue uliandikwa kabla ya 2018, mwaka ambao mji ulipandishwa kuwa jiji, au mwandishi hakujisumbua kuhakiki.

Hatua ya 5: Ndani ya ukurasa

Usipakue makala kabla ya kusoma ikisiri. Ni aya moja, inakuambia utafiti ulifanyika wapi, lini na nini kilipatikana. Ikiwa ulifanyika Ethiopia nawe unatafuta Chamwino, umeokoa bando. Kwenye ripoti ndefu gusa vidoti vitatu, chagua kutafuta ndani ya ukurasa, andika mtama, na mshale utakurukisha kutoka mtama mmoja hadi mwingine. Nakili anwani, jina la mwandishi na mwaka papo hapo kwenye daftari. Kuvitafuta usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ni mateso.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kondoa: Shikamoo mwalimu. Huku mtandao unakuja na kuondoka. Nikipakua faili inafika katikati inakwama, bando nalo limeshakwenda.

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwanza angalia ukubwa wa faili. Ripoti yenye picha nyingi hufika makumi ya MB, na mara nyingi pembeni yake kuna muhtasari mwepesi wenye takwimu hizohizo. Pili, ikikwama usianze upya, fungua orodha ya vipakuliwa ujaribu kuendelea; tovuti nyingi hukubali. Tatu, kwa ukurasa wa kawaida kwenye Chrome ya Android, bonyeza kiungo kwa muda bila kuachia, chagua kupakua kiungo, utausoma baadaye hata bila mtandao. Fanya hivyo usiku wa manane au alfajiri, wengine wakiwa wamelala.

Mwanachama, Mpwapwa: Siku hizi ukitafuta, juu kabisa akili mnemba inakupa jibu limekamilika. Kuna ubaya gani nikilitumia?

Jibu: Litumie kupata maneno ya kutafutia na viungo vilivyo pembeni yake, kisha vifungue uone kama kweli vinasema hivyo. Mara nyingine havisemi. Na likikupa jina la kitabu na ukurasa, hakiki kwamba kitabu hicho kipo, maana mashine hizi hubuni marejeo kwa ujasiri wa ajabu. Wikipedia vilevile, dada: shuka hadi tanbihi za chini, soma chanzo chenyewe, ndicho utakachokitaja.

Mwanachama, Manyoni: Mimi nasoma sheria. Nikitafuta kesi napata maoni ya watu tu.

Jibu: Wewe nenda TanzLII moja kwa moja, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zipo pale bure, tafuta kwa majina ya wadaawa, yaani pande za kesi. Kwa sheria zenyewe tumia namba ya sura. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni Sura ya 114, na ukiandika hivyo hupotei. Lakini tazama toleo lililorekebishwa ni la mwaka gani. Nakala ya 2002 bado inazunguka mtandaoni, na mhadhiri ataijua kwa kuangalia mara moja.

Mwanachama, Dodoma mjini: Makala niliyoipata inadai dola za Kimarekani. Ndiyo basi?

Jibu: Usitoe hela kwanza. Itafute Google Scholar, sehemu ya Google ya makala za kitaaluma, gusa sehemu ya matoleo yote, mara nyingi mwandishi ameweka nakala ya bure kwenye hazina ya chuo chake. Ikishindikana, uliza maktaba ya chuo chako, kwa sababu mpango wa Research4Life huzifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida mengi ya kulipia. Nenosiri hutoka maktaba, haliombwi na mwanafunzi mmojammoja. La mwisho, mwandikie mwandishi barua pepe fupi ya heshima. Wengi hufurahi kusomwa.

Mwanachama, Kongwa: Mwalimu, mimi sina kompyuta, natumia ya steshenari kuingia akaunti ya chuo. Ni salama?

Jibu: Mama, jaribu hivi: kaa kwenye kompyuta ya steshenari, fungua ukurasa wa kuingilia barua pepe, andika herufi m peke yake. Mara nyingi zinateremka anwani za akina Mariamu na Musa waliokutangulia, na wengine nywila zao zimehifadhiwa pamoja. Kwa hiyo fungua dirisha la faragha kabla ya kuanza. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Ukimaliza toka kwenye akaunti kwanza, ndipo ufunge dirisha. Dirisha la faragha halifuti faili ulizopakua, kwa hiyo ingia kwenye folda uzifute mwenyewe, hasa fomu yenye picha na namba ya NIDA. Mwenye steshenari akikutaka uache flashi "atakuprintia baadaye", ngoja hapohapo.

Mwanachama, Singida: Nina laptop, vidoti vitatu vya kutafuta ndani ya ukurasa sivioni.

Jibu: Huvihitaji, kaka. Shikilia Ctrl ubonyeze F.