Land Cruiser inayotangatanga: anzia kwenye upepo, malizia kwenye steringi boksi

Gari linatangatanga pale unapolielekeza mbele nalo linatafuta njia yake, ukawa muda wote unalirudisha kidogo kushoto, kidogo kulia. Kuvuta upande mmoja tu ni ugonjwa mwingine, na usukani kutetemeka ukifika mwendo fulani ni mwingine pia. Hatua hizi ni za gari lenye ekseli nzima mbele (moja inayounganisha matairi yote mawili) na steringi boksi (boksi la meno linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye matairi), kama Land Cruiser 70 na 80.

Kwanza hakikisha barabara haikudanganyi. Pale malori yalipochimba mifereji kwenye lami, kama unavyokuta Barabara ya Morogoro, tairi pana huifuata hata gari likiwa zima. Jaribia kwenye lami iliyonyooka.

Hatua ya 1: Upepo na matairi

Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa namba za kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Aliyeshusha hadi psi 18 apite mchanga wa Kigamboni, akasahau kurudisha, ataona usukani mlegevu bila kitu chochote kuharibika. Badilishana matairi ya mbele, la kushoto lije kulia. Tabia ya gari ikibadilika, tatizo ni tairi.

Hatua ya 2: Fuata pleyi kutoka kwa dereva hadi kwenye tairi

Pleyi ni ule ulegevu wa kiungo kinachocheza. Hapa ndipo magonjwa mengi hupatikana, kwa hiyo usiharakishe. Gari likae chini kwa matairi yake, handibreki juu, mawe kwenye matairi ya nyuma, injini iwake. Ukipiga jeki, uzito unaondoka na pleyi nyingi hazionekani. Msaidizi atikise usukani kushoto na kulia kwa upana wa kiganja, mfululizo, nawe uangalie na kushika kila kiungo kwa mkono. Ukingo wa usukani ukisogea zaidi ya sentimita 4 kabla tairi halijaitikia, kuna kitu kimelika.

Unatafuta mahali mwendo unapoingia na hautoki. Anza na jointi ya shafti ya usukani. Kisha shafti inayoingia kwenye boksi na mkono unaotoka chini yake: shafti ikizunguka na mkono ukachelewa, pleyi iko ndani ya boksi. Tazama bolti zinazoshika boksi kwenye chesisi, na chesisi yenyewe pale. Ufa mdogo unaweza kujificha chini ya matope. Endelea na ncha za draglinki (fimbo itokayo kwenye mkono wa boksi kwenda kwenye tairi) na za tairodi (fimbo inayounganisha matairi mawili ya mbele). Kichwa cha boljointi, kile kiungo cha mpira wa chuma kwenye ncha hizo, kikiinuka au kucheza kwenye kikombe chake, badilisha.

Gari la koili (lenye springi za kuzunguka mbele) lina fimbo ya panhadi inayozuia ekseli isihame kushoto na kulia. Bushi zake zikifa, bodi husogea kabla matairi hayajageuka. Watu hununua tairodi mpya bure kwa sababu ya bushi hizi.

Hatua ya 3: Beringi

Sasa piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, msaidizi akanyage breki. Pleyi ikipotea ni beringi ya tairi. Ikibaki ni beringi za kingpini, pini ambazo tairi hugeukia. Gari lililopita kwenye maji ya mafuriko, Jangwani, Dar es Salaam, kwa mfano, likaguliwe hapa mapema: maji yakiingia kwenye nakali (kile kiungo kinachogeuka pamoja na tairi), grisi huwa uji na beringi huliwa haraka.

Hatua ya 4: Kasta na uelekeo wa matairi

Kasta ni mlalo wa mhimili ambao tairi hugeukia. Gari la koili lililoinuliwa hupoteza takribani digrii moja ya kasta kwa kila sentimita 2.5. Dalili yake ni usukani usiorudi wenyewe baada ya kona. Ukienda kupima alaimenti, omba namba ya kasta kwenye karatasi. Land Cruiser nyingi za aina hii hukaa kati ya digrii 2 na 4. Koili hurekebishwa kwa bushi za kasta, springi za bapa kwa kabari, ili juu ya nakali ilale nyuma. Usizidishe, maana pua ya difu ya mbele huinama na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) huanza kutetema.

Uelekeo pima kwa futi, usawa wa kitovu cha tairi: nafasi kati ya matairi mawili ya mbele, ukipima mbele yake, iwe pungufu ya ukipima nyuma yake kwa milimita 1 hadi 3. Mbele ikiwa pana zaidi, gari litatangatanga tu. Unarekebisha kwenye tairodi. Draglinki ni ya kunyoosha usukani.

Kwa gari la springi za bapa, angalia na nyuma pia: yubolti (zinazofunga springi kwenye ekseli) zilizolegea na bushi za sheko (kishikio cha mwisho wa springi) zilizokufa huifanya ekseli ya nyuma iongoze gari.

Hatua ya 5: Boksi, na iwe mwisho

Mafundi wengi huanzia hapa kwa sababu skrubu ya kupunguza pleyi ya boksi iko juu, inafikika. Ukiikaza wakati boljointi ndiyo imekufa, umepata magonjwa mawili. Shokapu ya steringi nayo huficha dalili tu.

Zima injini, matairi yanyooke. Legeza nati, kaza skrubu robo ya robo ya mzunguko, shika skrubu isizunguke, kaza nati. Washa, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili: usibane popote. Jaribu barabarani kwa mwendo mdogo. Ukikata kona usukani ukakataa kurudi, legeza mara moja. Ikiwa umerudia kidogo kidogo hadi nusu mzunguko kwa jumla bila nafuu, meno yamekwisha, na boksi inahitaji kufunguliwa.