Jinsi ya kuachana na vijarida vya kompyuta vilivyochuja na kupata maujanja ya kweli

Wadau wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na nyie mlio maofisini kule Mtumba, mji wa serikali, vile vijarida vya maujanja ya kompyuta vinavyoingia kwenye imeili siku hizi vimechuja sana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtu kama Fred Langa na kijarida chake cha LangaList alikuwa anakuelezea tatizo, chanzo chake na pa kubofya. Sasa kichwa cha habari ni cha kukutisha, ndani matangazo matupu na linki ya kununua programu.

Hatua ya 1: Pima. Fungua toleo la mwisho, ondoa matangazo yote, angalia kinabaki nini. Je, walikwambia wazi kwamba msaada wa bure wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na ufanyeje, au walikuuzia antivairasi? Wanaosukuma programu za kusafisha rejistri (pale Windows inapohifadhi mipangilio yake) futa hapo hapo, Microsoft wenyewe walishasema hawaziungi mkono. Kuna mteja kaniletea laptopu imejaa hizo, zote kazipata kupitia kijarida, na bado inazima yenyewe, kufungua nyuma nakuta feni imeshonwa na vumbi letu hili la Dodoma hewa haipiti kabisa, nikapuliza nikapaka pasta mpya ya kupitisha joto kwenye prosesa ikatulia. Kijarida hakijui vumbi.

Hatua ya 2: Jiondoe. Gmail inaweka kitufe cha kujiondoa pale juu karibu na jina la mtumaji. Ila kama hukujisajili mwenyewe usiguse linki ya kujiondoa iliyo chini, itupe kwenye spam, maana ukibofya unawathibitishia kwamba hiyo anwani ina mtu.

Hatua ya 3: Hamia kwenye RSS, yaani fidi inayokuletea makala mpya za tovuti moja kwa moja. Hapa ndo penyewe. Shusha Thunderbird, programu ya imeili inayosoma na fidi, ni ya bure, kwenye kuongeza akaunti chagua ya fidi, halafu bandika anwani ya fidi ya tovuti unayoitaka (nyingi zilizotengenezwa kwa WordPress unaongeza tu /feed mwishoni mwa anwani). Habari zinakuja zenyewe na hujampa mtu imeili yako. Weka tiki ionyeshe muhtasari badala ya kupakia ukurasa mzima, bando lisikatike bure. Ukikutana na makala ya kale inakusifia Google Reader, kisoma fidi cha Google, achana nayo, ilifungwa 2013.

Hatua ya 4: Chagua wachache. Mimi naanza na tovuti ya Ask Leo! ya Leo Notenboom, aliwahi kuwa injinia Microsoft na anaeleza taratibu bila mbwembwe. Kwa apdeti za Windows nenda tovuti ya AskWoody, wana kipimo cha usalama wa apdeti cha 1 hadi 5, ikiwa 1 au 2 tulia usiweke apdeti kwanza, 5 weka bila wasiwasi. Kiingereza chao si kigumu.

Hatua ya 5: Kabla hujajaribu ujanja wowote tengeneza restore point (alama ya kuirudisha Windows ilivyokuwa mambo yakiharibika), na hakikisha System Protection, inayotunza alama hizo, imewashwa kwenye disk C, mashine nyingi unakuta imezimwa.