Cezerye: kupika kitamutamu cha karoti cha Mersin nyumbani

Cezerye (c ya Kituruki husomwa j, yaani jezerye) ni kitamutamu cha karoti cha kusini mwa Uturuki, ukanda wa Mediterania wenye miji ya Mersin, Adana na Tarsus. Madukani huuzwa katika vipande vya mstatili, rangi ya hudhurungi yenye wekundu ndani yake, njugu zikionekana pale kisu kilipopita na nazi ikiwa imefunika nje. Ukikitafuna kinavutika kidogo bila kunata menoni, na karoti unaionja. Aliyezoea halua ya karoti ya Kihindi asitarajie kitu kile: hapa hakuna maziwa wala samli. Kuna karoti, sukari, wanga kidogo, njugu, nazi na viungo.

Karoti ni maji kwa karibu asilimia 88. Cezerye iliyoiva imebakiwa na maji kama asilimia 20 tu, hivyo kazi nzima ni kuyaondoa maji hayo polepole bila kuunguza sukari. Karibu kila kinachoharibika, cezerye isiyoganda, inayotoa jasho, iliyokauka kama jiwe, chanzo chake ni kiasi cha maji kilichobaki. Ndiyo maana mwongozo huu unategemea mizani kuliko saa.

Vipimo vya trei ya sentimita 20 kwa 20, vipande 50

- Karoti kilo 1 baada ya kumenywa na kukatwa ncha (nunua kilo 1 na robo)
- Sukari nyeupe gramu 450
- Kornflawa gramu 40, pamoja na maji baridi mililita 100 ya kuikorogea
- Maji ya limau vijiko 2 vya chai
- Chumvi robo kijiko cha chai
- Mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, na karafuu ya unga robo kijiko
- Njugu zilizokaangwa (jozi, hazelinati, pistachio, korosho au lozi) gramu 150
- Nazi kavu laini isiyo na sukari gramu 100

Kornflawa ni ule wanga mweupe unaoteleza vidoleni, si unga wa sembe. Ukitumia sembe utapata ugali mtamu wenye chengachenga.

Karoti ziwe changa, nyembamba na zenye rangi kali. Aina ya Nantes, ile yenye ncha butu, inafaa sana kwa sababu moyo wake ni mdogo na mtamu. Karoti nene zilizokomaa zina moyo wa njano wenye nyuzi ambao haulainiki hata ukichemshwa saa nzima. Ukizipata hizo, zipasue kwa urefu, toa moyo, kisha pima kilo yako upya.

Kuhusu njugu, Mersin hutumia jozi (zile zenye ganda gumu lililokunjamana), hazelinati na pistachio. Jozi ndiyo inayokubaliana zaidi na karoti, kwa kuwa uchungu wake mdogo unakata utamu. Kwa aliye Mtwara au Mombasa, korosho na lozi zinafanya kazi, ingawa korosho ni tamu yenyewe. Ukiitumia punguza sukari hadi gramu 420, usishuke zaidi. Sukari ndiyo inayozuia ukungu, na ndiyo inayoipa cezerye mwili.

Nazi inahitaji uangalifu. Nazi mbichi iliyokunwa kwa mbuzi ina maji mengi, na ukiipaka ilivyo, kitamutamu kitachacha kwa siku mbili. Itandaze kwenye sinia la oveni, nyuzi 100 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 40, ukiigeuza mara kadhaa, mpaka ikisuguliwa kati ya vidole iachane punje kwa punje. Isibadilike rangi. Machicha yaliyokwisha kukamuliwa tui yakikaushwa yanafunika vizuri kwa macho, lakini hayana mafuta wala ladha, na hapa nazi ni nusu ya ladha.

Kulainisha karoti

Kata karoti vipande vya sentimita 2. Tia kwenye sufuria pana yenye kitako kizito pamoja na maji mililita 250 tu, funika, chemsha kwa moto mdogo dakika 25 hadi 30. Kipande kikibanwa kwa uma kifumuke bila kubishana. Usimwage maji yaliyobaki. Utamu na rangi vimeshaingia humo.

Sukari isiingie bado. Sukari huvuta maji kutoka kwenye karoti na kuzuia nyama yake kulainika, kwa hiyo karoti iliyotiwa sukari ikiwa ngumu kiasi itabaki ngumu kiasi hicho hicho hadi mwisho, na utaikuta ndani ya kitamutamu kama vipande vya mpira.

Saga kwa blenda bila kuongeza maji. Kama blenda inakwama, zima, sukuma chini kwa mwiko, washa tena. Wapo wanaopenda kukwangua karoti mbichi kwenye matundu madogo kisha kuzipika hivyo hivyo. Inakubalika, na cezerye yake ina nyuzinyuzi zinazosikika mdomoni. Kwa mara ya kwanza ni afadhali kusaga, kwani rojo laini hutoa mvuke sawasawa na ni rahisi kuona limefikia wapi.

Kupika, na kupima

Kabla ya lolote, pima sufuria tupu pamoja na mwiko wake, uandike uzito huo mahali. Kila utakapopima, weka kibao cha mbao juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ndipo uweke sufuria ya moto, kisha utoe uzito ulioandika. Kinachobaki ni uzito wa rojo.

Rudisha rojo jikoni peke yake, moto wa wastani, ukikoroga hadi lishuke kufikia gramu 850 hivi. Hatua hii hutumia dakika 10 hadi 15, na maji yanayotoka hapa yanatoka bila hatari ya kuungua, kwa sababu bado hakuna sukari ya kuungua. Wanaoiruka hatua hii hulipia baadaye kwa kukoroga muda mrefu juu ya sukari inayozidi kuwa nyeusi.

Sasa tia sukari, chumvi na maji ya limau. Rojo litalegea ghafla na kuwa jepesi kama uji, ni kawaida. Limau halikuwekwa kwa ajili ya uchachu. Asidi yake huvunja sehemu ya sukari katika sukari mbili nyepesi zinazozuia nyingine kurudi kuwa chembe. Lisizidi vijiko hivyo viwili, maana asidi nyingi huvunja wanga pia, na cezerye haitashika.

Punguza moto. Rojo likianza kuwa zito hutoa mapovu makubwa yanayoruka, na tone moja la sukari ya moto likigusa ngozi linaacha lengelenge. Tumia mwiko mrefu, vaa nguo ya mikono mirefu, watoto wakae mbali. Koroga kwa kukwangua kitako na pembe zote. Anayepikia mkaa atawanye makaa pembeni, asiache rundo katikati, la sivyo katikati ya sufuria pataungua huku pembeni pakiwa bado maji.

Rojo likifika gramu 1,000 hadi 1,050, korogea kornflawa katika maji baridi mpaka isiwe na madonge, uimimine kama uzi huku mkono mwingine ukikoroga. Wakati huu ni muhimu. Ukiweka wanga mapema, utanata chini na kuungua. Ukichelewa, sukari itakuwa imeshayashika maji yote, wanga utakosa ya kunywa na hautaiva, na kitamutamu kitakuwa na ladha ya unga mbichi ambayo hakuna kiungo kitakachoificha.

Baada ya wanga, endelea kwa moto mdogo bila kuacha mwiko, dakika 25 hadi 35. Rangi itatoka kwenye machungwa ya wazi kuelekea hudhurungi yenye wekundu na mng'ao. Simama rojo likiwa kati ya gramu 760 na 800. Ukilenga 760 unapata kipande kigumu kiasi cha kusafirishwa. 800 ni laini, ya kuliwa wiki hiyo hiyo.

Asiye na mizani atazame mambo mawili kwa pamoja. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: kitako kionekane, na njia ibaki wazi ukihesabu hadi tano, rojo likivutika kama donge moja na kuachia kuta. Kisha dondosha kidogo kwenye kisahani kilichokaa kwenye friza, subiri dakika moja, kibonye: kikae bila kutanda, na kidole kitoke karibu safi. Kipimajoto kitasoma nyuzi 106 hadi 108 ukiwa pwani. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, hivyo huko ondoa nyuzi 6. Lakini rojo zito halina joto moja kila mahali, kwa hiyo kipimajoto kiwe shahidi wa pili tu.

Njugu na trei

Njugu zikaangwe mapema, nyuzi 160 kwa dakika 10 hadi 12, au kwenye kikaango kikavu. Pistachio zitosheke na dakika 5, zikizidi zinapoteza ukijani. Hazelinati zisugue ndani ya kitambaa zikiwa moto ili ganda jembamba litoke. Njugu mbichi hunyonya unyevu wa rojo na kulegea; zilizokaangwa hubaki na mlio. Zivunje mara mbili tu, usizisage, kwa kuwa uzuri wa mkato wa cezerye ni kuona nusu ya jozi imekaa humo.

Zima moto, changanya mdalasini na karafuu, kisha njugu zikiwa bado vuguvugu. Zikiwa baridi hukaza rojo papo hapo, na kulisawazisha kwenye trei kunakuwa mapambano.

Trei iwe imeshatandikwa nazi gramu 40 chini. Mimina rojo, lisambaze kwa mgongo wa kijiko kilicholowa maji ya moto, kisha funika kwa karatasi ya kuokea iliyopakwa mafuta kidogo na ubonyeze kwa kitako cha glasi mpaka liwe sawa, unene wa kama sentimita 2. Bonyeza kwa nguvu, hasa kwenye pembe: hewa ikibaki karibu na njugu, kipande kitapasuka hapo hapo wakati wa kukata. Toa karatasi, nyunyiza nazi gramu 20 juu.

Acha trei mezani saa 8 hadi 12, imefunikwa kitambaa safi cha pamba tu. Mfuniko wa plastiki hurudisha mvuke kama matone juu ya nazi. Friji wakati bado ni moto hufanya vivyo hivyo, na juu patakaza huku ndani pakiwa bado laini.

Pindua kwenye ubao, paka kisu kirefu mafuta kidogo, kata mistari ya sentimita 2 upande mmoja na sentimita 4 upande wa pili. Kandamiza kisu moja kwa moja chini. Ukikivuta kama msumeno kinang'oa njugu. Viringisha pande zilizokatwa kwenye nazi iliyobaki. Kila kipande kitakuwa na gramu 20 hivi.

Ikiwa haikwenda sawa

Isiyoganda baada ya usiku mzima haijaharibika. Irudishe sufuriani pamoja na nazi na njugu zake, ongeza vijiko vitatu vya chakula vya maji ili isishike chini, pika polepole hadi dalili za mwiko na kisahani zitimie. Njugu zitapoteza mlio, basi ongeza chache mpya. Iliyokuwa ngumu mno ikatwe vipande vidogo, ipashwe moto na mililita 60 za maji yanayochemka mpaka ilegee, kisha imiminwe upya.

Ikiwa na chembechembe za sukari zinazokwaruza ulimi, ama limau lilisahauliwa, ama sukari iliyoruka kwenye kuta ilirudishwa ndani ikiwa kavu. Futa kuta za sufuria kwa brashi iliyolowa maji mara mbili tatu wakati wa kupika. Rangi nyeusi yenye uchungu ni moto mkubwa, na hiyo haina dawa. Ukiona vipande vyeusi vinapanda kutoka chini, acha kukwangua hapo hapo, hamishia rojo sufuria nyingine, lionje. Mara nyingi linaokoka.

Nazi inayolowa siku ya pili ina maana ulikata kabla haijapoa kabisa. Tandaza vipande kwenye wavu saa chache, kisha vipake nazi mpya.

Kuhifadhi

Panga kwenye chombo kisichoingiza hewa, karatasi ya kuokea kati ya tabaka na tabaka. Mahali pakavu na penye baridi cezerye hukaa wiki mbili. Kwenye joto na unyevu wa pwani iweke friji, nayo itafika mwezi. Itoe nusu saa kabla ya kula, maana ikiwa baridi hukaza na mdalasini hausikiki. Kinachotangulia kuharibika ni njugu, ambazo mafuta yake huanza kuwa na ladha ya ukale. Kwa hiyo kama unapika kwa ajili ya sikukuu ya wiki tatu mbele, pika karoti sasa hadi gramu 800, lihifadhi rojo bila njugu ndani ya friji, na siku mbili kabla ya sikukuu lipashe moto kwa vijiko vichache vya maji, lirudishe kwenye uzito wake, utie njugu mpya ulizokaanga siku hiyo hiyo na umimine kwenye trei.