Somo: Kupanda metro ya Dubai kwa mara ya kwanza, kwa vijana wa Kisumu na Magharibi wanaosafiri kikazi

Vijana wetu wengi wakipata viza ya kazi Dubai hufundishwa mambo ya mkataba, hupimwa afya, huagwa vizuri nyumbani. Jambo la kila siku ndilo husahaulika: utatokaje unakolala ufike unakoenda, katika mji usio na matatu wala boda. Mimi nilifanya kazi kule, kwanza usafi, kisha mapokezi hotelini, na metro ndiyo iliyonibeba miaka yote hiyo. Naandika somo hili ulisome ukiwa bado Kondele au Luanda, kwa sababu faini ndogo ya metro ni dirhamu 100, kama shilingi 3,500 za Kenya. Mshahara wa mwezi wa kwanza hauwezi kubeba hasara hiyo, na nyumbani wanasubiri.

Chombo chenyewe kwanza. Metro ya Dubai ina njia mbili. Njia Nyekundu ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, ya Kijani ikafuata tarehe kama hiyo mwaka 2011. Nyekundu ndiyo ndefu: kilomita 52, na tangu 2021 ina tawi la kilomita 15 linalokwenda Expo 2020. Sehemu kubwa inapita juu, juu ya nguzo za zege kandokando ya barabara ya Sheikh Zayed. Ikifika Deira na Bur Dubai inazama chini ya ardhi, na kati ya stesheni za Union na BurJuman inapita chini ya Khor, mkono wa bahari unaougawa mji. Hizo mbili, Union na BurJuman, ndizo stesheni za kubadilisha kutoka Nyekundu kwenda Kijani. Zikariri.

Treni hazina dereva. Konda pia hakuna, kwa hiyo hakuna wa kumwambia "nishukishe hapo mbele". Kadi, upande wa kupandia na stesheni ya kushukia, yote matatu ni juu yako.

Kadi

Bila kadi ya Nol hupiti geti. Ziko za aina kadhaa, lakini mfanyakazi anahitaji ya fedha, Silver. Inauzwa dirhamu 25 na ndani yake unakuta 19 za kutumia. Hawakuulizi kitambulisho wala pasipoti, na inadumu miaka 5. Kuna tiketi nyekundu ya karatasi, ambayo mgeni huipenda kwa kuwa kuinunua ni dirhamu 2 tu, lakini kila safari inakutoza zaidi: safari ya dirhamu 3 inakuwa 4. Kwa mtu anayekwenda kuishi kule, hiyo ni kupoteza.

Huko hakuna M-Pesa. Uwe na noti za dirhamu mkononi kabla hujatoka uwanja wa ndege. Tangu Agosti 2024 dirishani hawakuongezei salio chini ya dirhamu 50. Ukiwa na pesa kidogo nenda kwenye mashine iliyo pembeni. Mashine ina Kiarabu na Kiingereza. Unaweka kadi, unachagua kiasi, unalisha noti, unasubiri ikuambie uondoe kadi. Usiivute kabla. Usiache salio likashuka chini ya dirhamu 15, maana hizo ndizo za kwenda na kurudi safari ndefu.

Nauli

Mji umegawanywa katika kanda 7. Ukisafiri ndani ya kanda moja unatozwa dirhamu 3, kanda mbili zinazopakana 5, zaidi ya hapo 7.5 hata uende mwisho wa njia. Kutoka Union hadi Burj Khalifa/Dubai Mall ni 5. Kutoka uwanja wa ndege hadi Mall of the Emirates ni 7.5. Nauli haipandi kwa sababu ya mvua, wala jioni, wala sikukuu. Ukishaijua ya kwako, unaweza kupanga bajeti ya mwezi mzima bila wasiwasi.

Upande: hapa ndipo wageni wanapopotea

Soma sehemu hii mara mbili. Ukipita geti utakuta ngazi za kwenda pande mbili, na bango halisemi "mjini" wala "uwanja wa ndege". Linasema jina la stesheni ya mwisho. Kwa Njia Nyekundu upande mmoja ni Centrepoint. Upande mwingine nitauita wa Jebel Ali, eneo ambako njia inagawanyika kuwa mbili: treni nyingine huingia tawi la Expo 2020, nyingine huendelea moja kwa moja hadi mwisho wa zamani wa njia. Ukiwa unakwenda Discovery Gardens, Al Furjan au Dubai Investment Park, panda ya Expo. Ukiwa unashukia kabla njia haijagawanyika, zote mbili zinakufaa.

Mfano. Umetua Terminal 3 na unataka kwenda Union. Upande wako ni wa Jebel Ali. Ukipanda wa Centrepoint, stesheni mbili tu njia inaisha na treni inatoa watu wote. Nilimkuta binti mmoja wa Vihiga pale Centrepoint, ameketi juu ya sanduku lake, bahasha ya mkataba kifuani, akiamini treni imeharibika. Haikuwa imeharibika. Tulivuka pamoja upande wa pili, nikamwonyesha bango, na ndani ya nusu saa alikuwa Union.

Jambo lingine linalochanganya ni majina. Kampuni hununua haki ya kuipa stesheni jina lake, kwa hiyo jina la jana si la leo. Rashidiya ndiyo Centrepoint sasa. Al Jafiliya ndiyo Max. Al Safa ikawa Onpassive. Binamu yako aliyekaa kule 2015 atakuelekeza kwa majina ya 2015, nawe utaitafuta stesheni kwenye ramani usiione. Mwulize jina la sasa, au mwulize ni stesheni ya ngapi kutoka Union, uhesabu.

Getini na kwenye jukwaa

Weka kadi bapa juu ya alama ya duara getini, ishikilie mpaka mlio usikike na kioo kionyeshe salio. Watu wengi huipitisha haraka kama wanafuta vumbi, geti linakataa, foleni inaanza kunung'unika nyuma. Ukitulia sekunde moja inakubali. Usipite ukimfuata mtu mgongoni. Kusafiri bila kadi iliyogongwa ni dirhamu 200, na wakaguzi hupanda ndani ya treni na kifaa cha kusoma kadi.

Jukwaani kuna ukuta wa kioo kati yako na reli, na milango yake hufunguka sambamba na ya treni. Simama pembeni ya mishale sakafuni, wanaoshuka wapite katikati. Mlango ukianza kulia usirushe mguu. Inayofuata haikawii.

Behewa lipi

Treni ina mabehewa 5. Mwisho mmoja kuna sehemu ya Gold, nauli yake mara mbili, na inataka kadi ya Gold. Karibu nayo kuna sehemu ya wanawake na watoto, yenye alama ya waridi sakafuni na juu ya mlango. Mwanamume akikutwa humo analipa dirhamu 100, na "sikuona" haisaidii. Dada zangu, ninyi mnaweza kupanda behewa lolote la kawaida, lakini saa za msongamano, asubuhi na jioni, mimi nilipendelea la waridi. Mnasimama kwa nafasi na hakuna anayekusukuma.

Kula, kunywa na kutafuna chingamu ni faini ya dirhamu 100, na hilo linahusu maji pia. Joto la Julai litakukausha koo, kwa hiyo kunywa kabla ya kuingia getini. Kuweka miguu kitini ni 100. Kulala mahali pasiporuhusiwa ni 300, na nawaambia hasa wanaotoka zamu ya usiku: usijilaze kwenye benchi la stesheni. Kitufe cha dharura ukikibonyeza bila dharura ni 2,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi 70,000.

Kutoka, na basi la kuunganisha

Ukishuka unagonga kadi tena, na kioo kinakuonyesha umetozwa ngapi na kimebaki ngapi. Kiangalie kila mara. Nje ya stesheni kuna mabasi yenye herufi F mbele ya namba, yanayokupeleka mitaani. Kadi ni hiyohiyo. Ukiingia basi ndani ya dakika 30 tangu ulipogonga kutoka, mfumo unahesabu kuwa ni safari moja inayoendelea. Kwenye basi gonga ukiingia na ugonge ukishuka. Kwa kuwa basini hakuna geti la kukuzuia, ni rahisi kusahau, na ukisahau unatozwa nauli ya juu kabisa.

Saa

Dubai iko saa moja mbele ya Kenya. Metro huanza saa 11 alfajiri na kufungwa saa 6 usiku, Jumatatu hadi Alhamisi na Jumamosi. Ijumaa inakwenda hadi saa 7 usiku. Jumapili inachelewa, inaanza saa 2 asubuhi. Ukitua usiku wa manane na hakuna aliyekuja kukupokea, kaa ndani ya uwanja mpaka alfajiri. Kuna mwanga, vyoo na walinzi. Usikubali gari la mtu usiyemjua eti atakupeleka bei nafuu.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mumias: Dada, tiketi yangu inasema natua Sharjah, si Dubai. Nitaipata metro hapo?*

Hapana, ndugu yangu. Sharjah ni emirati nyingine na metro haifiki. Kama mwajiri hajatuma gari, toka uwanjani uende kituo cha mabasi cha Al Jubail mjini Sharjah, halafu upande basi la kwenda Union. Hapo Union sasa uko kwenye njia zote mbili. Lakini kabla hujaondoka nyumbani, mpigie mwajiri umwambie wazi: ndege inatua Sharjah, saa fulani. Wengi husubiriwa uwanja usio wao.

*Kutoka Nyalenda: Mama amenifungia omena na unga, na nina sanduku kubwa. Wataniruhusu na vyote?*

Mzigo unaoruhusiwa ni sanduku moja kubwa, lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na begi dogo moja. Pima kabla ya kufunga. Omena ikifungwa vizuri isitoe harufu haina shida. Kinachokatazwa ni kufungua na kula ndani. Tumia lifti, usiparamie ngazi za umeme na sanduku, na ukiingia behewani liweke mahali palipotengwa kwa mizigo, lisizibe mlango.

*Kutoka Nakuru: Wameniambia nitalala Sonapur. Hapo kuna stesheni gani?*

Hakuna stesheni Sonapur. Kwenye ramani utaiona kwa jina Muhaisnah. Njia iliyo karibu ni ya Kijani, upande wa Al Qusais, na kutoka huko unaunganisha kwa basi. Siku za kazi kampuni nyingi zina basi lao la wafanyakazi, basi metro utaihitaji siku ya mapumziko, au ukienda kutuma pesa. Uliza mwenzako wa chumba namba ya basi siku ya kwanza, na uiandike.

*Kutoka Kakamega: Nikipoteza kadi, pesa zangu zimekwenda?*

Za Silver ya kawaida, ndiyo, kwa sababu haina jina lako. Usiweke salio la mwezi mzima ndani yake. Ukishapata kitambulisho cha Emirates unaweza kuomba kadi ya Nol yenye jina na picha yako, na hiyo ikipotea salio huokolewa. Na kama utasafiri kila siku, uliza pasi ya siku 30: kanda moja ni dirhamu 140, kanda zote 350. Piga hesabu ya safari zako kwanza. Anayebebwa na basi la kampuni haihitaji.

*Kutoka Busia: Jumapili nataka kwenda kanisani. Metro inafika?*

Inafika. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Maria liko Oud Metha, na stesheni ya Oud Metha iko kwenye Njia Kijani. Ukitoka upande wa Njia Nyekundu, badilisha BurJuman au Union. Kumbuka tu metro ya Jumapili huanza saa 2, kwa hiyo Misa ya alfajiri huifikii kwa treni. Nenda ya baadaye, au ya Jumamosi jioni.

*Kutoka Kisumu, Manyatta: Nikipitiliza stesheni yangu, nitalipa mara mbili?*

Si lazima. Shuka stesheni inayofuata, lakini usitoke getini. Fuata mabango ya upande wa pili ukiwa bado ndani, panda treni ya kurudi, ushuke kwako na ugonge kadi hapo. Ukichanganyikiwa, tafuta mfanyakazi wa stesheni mwenye sare, mtajie jina la unakokwenda, naye atakuonyesha jukwaa.