Ufa katika boti ya alumini: tafuta kwanza mwisho wake

Boti za zamani za kuvulia samaki zilizoundwa kwa bati la alumini na ribiti (vipini vya chuma vinavyobana mabati pamoja), kama zile zilizo nyingi katika maziwa ya Marekani na Kanada, hupasuka zaidi karibu na mbavu na sehemu ya nyuma inayobeba injini, ambako mtikisiko hauishi. Kabla ya kuziba chochote, paka chaki upande wa nje na mafuta ya taa upande wa ndani, kisha subiri: mafuta yatapenya na kuchora mstari uliolowa kwenye chaki, na mara nyingi mstari huo huwa mrefu kuliko ufa unaoonekana kwa macho. Toboa tundu la milimita 3 hivi kwenye kila ncha ya mstari huo, kwa sababu ncha kali ndiyo inayoendelea kulipasua bati.

Baada ya hapo ondoa mafuta yote kwa asetoni, uiache ikauke kabisa, na usugue kwa brashi ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Utando wa oksaidi, yaani tabaka jembamba linalojitengeneza juu ya alumini ikigusana na hewa, huyeyuka kwenye nyuzi 2,000 hivi za Selsiasi, ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ndiyo maana anayechomelea bila kuusugua hutoboa bati badala ya kuliunga. Ukikosa fundi wa kuchomelea kwa gesi ya argoni, kiraka cha alumini kilichopakwa gundi ya epoksi na kupigwa ribiti za alumini kinafaa. Rangi yenye shaba iepuke kabisa, kwani majini shaba huila alumini.