Waya wa mashine ya michongoma ukikatika, usiuviringishe tepu

Mashine ya umeme ya kupunguzia michongoma huukata waya wake yenyewe: waya umelala juu ya matawi, meno yanapita, basi. Wengi hukimbilia tepu nyeusi. Wiki hii nimemsaidia jirani kuondoa kiungo cha namna hiyo. Gundi ilishalainika kwa jua na shaba inaonekana. Majani yakiwa na umande, kiungo hicho kinaua. Hapa hatuungi. Tunakata palipoharibika na kufunga upya.

1. Chomoa plagi

Usitegemee swichi ya soketi. Iliyofungwa kinyume hukata nyutro (waya wa bluu, unaorudisha umeme) na kuiacha laivu (wa kahawia, unaoleta umeme) hai. Plagi ikae mbele ya macho yako mpaka umalize.

2. Kata

Jeraha likiwa karibu na plagi, kata na ufunge plagi nyingine. Likiwa karibu na mashine, kata na uendelee hatua ya 3. Likiwa katikati, badilisha waya mzima. Mimi nanunua wa mpira tu, maana wa plastiki hukakamaa na kupasuka juani. Kwa mashine ndogo milimita 1 ya mraba inatosha. Ya kukatia nyasi ipewe 1.5. Mashine yenye alama ya mraba ndani ya mraba hutumia kori (nyaya ndogo za rangi zilizo ndani) mbili, bila ethi (waya wa ardhini). Kama wa zamani ulikuwa na kori tatu, mpya uwe na tatu.

3. Fungua mpini

Ulaze mezani, inua ganda la juu polepole (swichi ina springi), piga picha kabla ya kugusa chochote.

4. Kibanio cha waya

Hapa ndipo kazi nyingi za mafundi zinapoharibika, kwa hiyo usiwe na haraka. Kibanio ni kile kipande cha plastiki chenye skrubu mbili pale waya unapoingilia. Waya ukivutwa, mvuto uishie hapo, usifike kwenye skrubu za swichi.

Kwanza kabisa uvishe waya ule mpira wa shingoni, unaokaa pale waya unapoingilia mpini. Ukiusahau utafungua kila kitu tena. Kibanio kibane ganda la nje la waya, kamwe kisibane kori za rangi, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba na itakatika. Acha kama sentimita moja ya ganda la nje ipite kibanio kwa ndani, na kori zilegee kidogo kuelekea kwenye swichi.

Waya ukiwa mwembamba kuliko kibanio, usiunenepeshe kwa tepu. Tafuta wa saizi yake. Wala usipige fundo badala ya kubana: fundo huuminya waya na mpini haufungi. Kaza, kisha uvute kwa nguvu. Ukisogea hata kidogo, legeza urudie. Mwishowe pitisha kori kwenye mifereji yake na ufunikie ganda la mpini kwa mkono. Lisipokaa sawa, usililazimishe kwa skrubu. Kuna kori imebanwa.

5. Funga kori

Kahawia pa kahawia, bluu pa bluu. Sokota nyuzi vizuri, usizitie risasi ya kulehemia: chini ya skrubu hulegea polepole, kisha panapata moto.

6. Plagi

Ukiitazama kwa ndani, pini ndefu ikiwa juu, kahawia ni kulia penye fyuzi. Mashine ya wati 500 kwa volti 230 huvuta ampea 2 na kidogo, kwa hiyo weka fyuzi ya 3. Ya 13 inayokuja na plagi itoe.

7. Pima

Weka mita kwenye om (kipimo cha ukinzani), ubonyeze swichi za mashine, upime laivu na nyutro kwenye plagi. Sifuri ni shoti. Isiposoma kitu, kuna palipoachia. Kisha pima pini ya laivu na ya nyutro, moja moja, dhidi ya meno ya chuma: isisome chochote. Ikisoma, peleka kwa fundi umeme.

Mita ya kawaida haioni kila uvujaji, kwa hiyo washa mara ya kwanza kwenye soketi yenye RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampea 30, umevaa viatu vya mpira, majani yakiwa makavu. Waya upitishe begani, ubaki nyuma yako.