Je, waksi bado ipo? Namna ya kuipima rangi ya gari bila kudanganywa na matone

Karibu kila wiki kuna mtu anayenyoosha kidole kwenye boneti yake na kuniambia, "Fundi, hii bado ina waksi, ona maji yanavyokimbia." Wakati mwingine ni kweli: ile nta ya kukinga rangi bado ipo, na ndiyo inayofukuza maji. Mara nyingi siyo. Na mimi mwenyewe nimewahi kuingia kwenye mtego huohuo, tena kwa gari la mteja.

Lilikuwa gari jeusi la mama mmoja wa Mbezi Beach. Nililiosha, nikamwaga maji, yakapiga shanga ndogondogo boneti nzima. Nikamwambia waksi ipo, arudi baada ya miezi miwili. Hata mwezi haukuisha. Kunguru aliiachia boneti kinyesi Ijumaa jioni, kikakaa juani hadi Jumapili, na kilipoondolewa kikaacha doa lililochimba rangi. "Fundi, si uliniambia ipo?" Sikuwa na la kujibu. Waksi isingemkinga asilimia mia kwa kinyesi kilichokaa siku mbili, lakini ingempa muda. Baadaye ndipo nilipogeuza chupa ya shampuu mpya niliyokuwa natumia, nikasoma nyuma: ndani yake mna waksi. Zile shanga zilikuwa za shampuu, na shampuu ya namna hiyo haivuki mvua mbili.

Tangu siku hiyo sipimi kwa kumwaga maji peke yake. Napima hivi.

Kwanza ujue unatafuta nini

Gari la siku hizi lina tabaka la rangi, na juu yake klia, ile vanishi isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Klia ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, pungufu ya unywele wa kichwani. Waksi hukaa juu ya klia ikiwa nyembamba zaidi, na kwa jicho huwezi kuiona. Ndiyo maana kung'aa si ushahidi. Klia nzima iliyoshwa vizuri inang'aa hata ikiwa uchi kabisa, na boneti iliyopanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mchezo ambao nimeuona kwa macho yangu, inang'aa na kupiga shanga hadi jioni. Kesho yake hakuna kitu.

Waksi asilia inayosifiwa zaidi ni ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Mti huo huyapaka majani yake nta ili jua lisiyanyonye maji. Umeona maji juu ya jani la gimbi, yanavyojiviringisha yasilowanishe jani? Kazi ni ileile. Kwa jua la Dar, gari linalolala na kushinda nje, waksi ya kanauba naihesabia wiki sita. Likiwa na kivuli, labda nane au zaidi kidogo. Zile za kutengenezwa kiwandani huenda miezi minne hadi sita. Serámiki, ile kinga ngumu inayopakwa kama kimiminika na kugandia juu ya klia, ni habari nyingine, nitaigusa mwishoni.

Hatua ya 1: Osha, lakini usiiue

Pima asubuhi, gari likiwa kivulini na bodi ikiwa baridi. Weka mgongo wa mkono kwenye boneti. Ukihisi joto, subiri. Kwenye bati la moto maji yanakauka kabla hayajakuonyesha kitu.

Osha kwa shampuu ya magari isiyo na waksi. Soma chupa, usifanye kosa langu. Wapo wanaosema osha kwa sabuni ya unga au ya vyombo ili "kupata ukweli". Sabuni hizo zinadhoofisha waksi, kwa hiyo utakuwa unapima kitu ulichokwisha kukiua. Tumia ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia sponji, na suuza gari mpaka hakuna utelezi wa sabuni popote. Sabuni iliyobaki huvunja mvuto wa maji, yakatanda hata pale palipo na waksi nzima.

Kama unahofia gari liliwahi kupitishiwa mafuta au dawa ya kung'arisha haraka, changanya spiriti na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa safi, pangusa sehemu moja ya kupimia, kisha suuza. Mchanganyiko huo huondoa mafuta ya juujuu. Usiutumie kwenye gari lililotoka kupigwa rangi juzi gereji. Rangi hiyo bado inakauka ndani, na hata waksi yenyewe huwa tunaisubirisha siku 30 hadi 90 kulingana na rangi iliyotumika.

Hatua ya 2: Papasa kwa mfuko wa mkate

Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku 2019, lakini mfuko laini wa mkate unatosha sana. Uvae mkononi kama glavu, bodi ikiwa bado mbichi, upitishe vidole polepole. Plastiki huongeza hisia ya vidole. Utasikia vichembe ambavyo mkono mtupu hauvioni: vumbi la chuma linaloruka kutoka kwenye breki, utomvu, matone ya rangi ya jirani anayepaka geti.

Hatua hii haikuambii kama waksi ipo. Inakuambia kama vipimo vinavyofuata ni vya kuaminika. Bodi ikikwaruza kama msasa laini, maji yatakwama kwenye uchafu huo na kutanda, nawe utasema waksi imeisha kumbe imefunikwa tu. Hapo uamuzi wangu ni mmoja: rangi ya namna hiyo inahitaji kusafishwa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari, ule laini kama wa kufinyangia, na udongo huo hung'oa waksi pamoja na uchafu. Kwa hiyo usiendelee kupima. Safisha, kisha paka upya.

Hatua ya 3: Mwaga maji kwa jagi

Weka pembeni mashine ya presha. Presha inafukuza maji hata kwenye mlango wa friji. Chukua jagi la lita moja, ulimwage polepole kutoka kimo cha kiganja hivi juu ya bati, kisha tulia uangalie kwa sekunde kumi na tano hadi nusu dakika.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Waksi ikiwa na nguvu, matone yanasimama: madogo, ya mviringo, yenye kingo safi, na ukitikisa boneti yanabingirika. Ikianza kuchoka, matone bado yapo lakini yamelala, mapana kama sarafu, na kingo zake zimepindapinda kama ramani ya kisiwa. Ikiisha, maji yanatanda kama shuka na kubaki palepale.

Neno "kubaki" lisikupite. Zipo waksi za kiwandani ambazo hazipigi shanga kabisa. Maji yanatanda, halafu shuka lote linateleza chini kwa pamoja na kuacha bati karibu kavu. Hiyo ina kinga nzuri tu. Kwenye sehemu iliyo uchi, shuka halina haraka ya kwenda popote.

Pima kila bati peke yake. Boneti hupigwa na jua juu na joto la injini chini, na paa halina pa kujificha, kwa hiyo hizo mbili huisha kwanza. Milango inaweza kuwa na waksi mwezi mzima baada ya boneti kuwa tupu. Nimeona magari ambayo mwenyewe anapima mlangoni kwa sababu ndipo anaposimama, anaondoka na furaha yake.

Ukimaliza, kausha mara moja. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na shanga zikikaukia juani zinaacha alama nyeupe zinazosumbua kuliko vumbi.

Hatua ya 4: Kitambaa kikavu

Bodi ikiwa safi na kavu, kunja kitambaa safi cha maikrofaiba au cha pamba, ukiweke juu na kukivuta kwa vidole viwili bila kukandamiza. Penye waksi kinateleza. Penye klia tupu kinang'ang'ania, na cha pamba wakati mwingine kinapiga kelele kidogo kama sahani iliyooshwa vizuri. Usijaribu kwenye gari lenye vumbi hata kidogo. Hapo utakuwa unachora mikwaruzo, si kupima.

Kipimo hiki nakipa uzito mdogo. Kinasaidia kuamua pale maji yanapotoa jibu la katikati.

Hatua ya 5: Mraba wa shahidi

Hiki ndicho nilichokuwa nimekikosa siku ya gari jeusi. Shida ya vipimo vyote vya juu ni kwamba unahitaji kukumbuka rangi hii ilikuwaje siku ilipopakwa, na hakuna anayekumbuka. Basi tengeneza sehemu ya kulinganisha.

Chukua tepu ya karatasi ya mafundi rangi, zungushia mraba wa sentimita 20 kwa 20 katikati ya boneti. Paka waksi ndani ya mraba tu, nyembamba sana, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, pangusa, kisha bandua tepu. Acha gari lilale. Asubuhi mwaga jagi la maji lipite juu ya mraba na nje yake kwa mkupuo mmoja.

Mraba ukijitokeza waziwazi, shanga ndani na shuka nje, kwingine kumeisha. Usipoweza kuonyesha mraba uko wapi, waksi ya zamani bado inafanya kazi, na umeokoa pesa na jasho la nusu siku. Ukijitokeza kidogo tu, una wiki kadhaa bado, ila anza kutafuta kopo kabla masika hayajaingia. Gari likilala nje, umande wa alfajiri utakuonyesha mraba huo bila hata jagi.

Pale kanuni hizi zinapogoma

Gari lenye serámiki likiacha kupiga shanga, usikimbilie kusema imeisha. Mara nyingi imezibwa na chumvi za maji ya kisima. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, pangusa sehemu ndogo, suuza vizuri, mwaga maji tena. Shanga zikirudi, serámiki iko hai.

Magari ya zamani yasiyo na klia, kama Land Rover nyingi za miaka ya nyuma, huacha rangi kwenye kitambaa unapoyapangusa. Huo ni unga wa rangi iliyochakaa. Inahitaji polishi kabla ya kufikiria waksi. Na klia ikishaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, funga kopo lako, mwone fundi rangi.

Ukishapaka, kata kipande cha ile tepu, andika tarehe na jina la waksi, ubandike upande wa ndani wa boneti karibu na kufuli, mbali na injini. Hata mteja akilileta gari baada ya miezi miwili akiapa kuwa alipaka "juzi tu", nafungua boneti kwanza.